Neno Alilotoka Nalo Baba Kliniki

Jumapili, jioni. Boko kumetulia. Jua liliwaka mchana kutwa, sasa upepo umeanza kuingia na nimefungua madirisha yote. Mume wangu na binti yetu Salma wamekwenda kwa shangazi yake, kwa hiyo sebule yote ni yangu. Sina uchovu wala hasira. Muda mrefu sijaandika humu kwa sababu kila nilipojaribu sikujua nianzie wapi.

Leo najua. Naanzia kwenye neno moja la Kiingereza: "indolent".

Mie ni mwalimu wa Kiingereza, wanaonisoma hapa wanajua. Neno hili nimeshaliandika ubaoni mara nyingi, nimelitungia sentensi, nimelitolea mtihani. Sikuwahi kufikiri kwamba litaingia nyumbani kwangu, likae mezani na sie, na kutunyima raha kwa muda mrefu namna ile.

Lakini kwanza nimweleze Baba.

Baba yangu ni mchongaji wa vinyago. Alitoka Newala akiwa kijana, akaja Dar, akaanza kuchonga pale Mwenge, kwenye soko la wachongaji, na kituo hajabadilisha tena. Sehemu kubwa ya maisha yake ameitumia ameketi chini, miguu kainyoosha, gogo la mpingo kalibana kwa nyayo, patasi mkono mmoja na nyundo ya mti mkono mwingine. Mie na mdogo wangu Sefu tumesoma kwa mpingo. Sare, daftari, hata godoro nililokwenda nalo chuo, vyote vilitoka kwenye lile gogo.

Mama alipofariki nikamwomba aje akae kwangu. Alikubali kwa sharti moja, kwamba asitokee mtu wa kumwambia aache kazi. Tukaafikiana. Akiamka vizuri anakwenda Mwenge. Akiamka mgongo unamsumbua anabaki, anasikiliza redio, mchana anajinyoosha kidogo kwenye mkeka. Mie niliona ni haki yake. Mtu aliyefanya kazi kiasi kile akilala mchana, nani wa kumuuliza?

Uvimbe niliuona siku moja anajinyoa uani. Ulikuwa shingoni, chini ya sikio, kama gololi iliyoingia chini ya ngozi. Nikasogea, nikaona na mwingine mdogo pembeni yake. Nikamuuliza unauma. Akasema hauumi hata kidogo, kinachomkera ni kola ya shati tu. Nikamuuliza ameuona lini. Akaendelea kunyoa.

Tukampeleka hospitali. Wakapima damu, wakampiga picha, wakachukua kinyama kidogo kwenda kukichunguza. Tukaambiwa tusubiri majibu.

Siku ya majibu sikwenda. Tulikuwa kwenye mitihani ya moko na mkuu wa shule alishasema hatatoa ruhusa kwa mtu. Nikamwomba Sefu. Ana karakana ya madirisha ya aluminiamu kule Tegeta, muda anajipangia mwenyewe. Nikiwa mkweli, kuna upande wa moyo wangu ulishukuru kwamba si mie nitakayeyasikia majibu kwanza.

Walirudi alasiri. Baba akapita moja kwa moja uani, akatawadha, akaingia kuswali. Sefu akanivutia jikoni.

Akaniambia kwamba Baba alipoitwa ndani, yeye alikuwa bado kwenye dirisha la bima, kadi inagoma kusoma. Alipoingia chumbani alimkuta daktari na wanafunzi wake wa udaktari wameshamzunguka Baba, wanamaliza. Daktari akamweleza kwa kifupi: ni kansa ya tezi, dawa hawatampa kwa sasa, arudi baada ya miezi mitatu. Basi.

Nikamuuliza kwa nini hawatampa dawa.

"Sikuuliza, dada," alisema. "Nilivyosikia kansa, masikio yakaziba. Nilikuwa namwona mdomo unatembea tu."

Sikumlaumu. Kansa, halafu dawa hakuna. Nilimtazama Sefu na Sefu akanitazama, na wote tulikuwa tumeelewa jambo moja: wamemrudisha nyumbani akamalizie siku zake.

Jioni ile nilikuwa barazani nasahihisha. Mkono unaweka vema na kosa, akili haipo. Baba akaja na kigoda chake, akakaa karibu yangu. Kisha akaniita Mwalimu, jina analonipa akitaka kitu.

"Mwalimu, indolenti ni nini?"

Alilitamka polepole sana, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Baadaye niligundua kwamba alikuja nalo hivyo njia nzima, akilirudia kimoyomoyo ili lisimponyoke.

Na mie nilifurahi. Nakumbuka nilifurahi kweli, kwa sababu lilikuwa jambo ninalolijua, siku ambayo sikujua lolote. Nikaweka kalamu chini, nikamfundisha. Nikamwambia ni mvivu. Halafu, kwa vile nafundisha hata nikiwa nyumbani, nikaendelea. Nikamweleza kwamba Waingereza wana maneno kadhaa ya uvivu na kila moja lina mahali pake. Lipo "lazy", hilo ni la kila siku, mama anaweza kumwambia mtoto wake anayekataa kuamka. Lipo "idle", hilo ni la mtu asiye na shughuli kwa wakati ule, hata mashine iliyozimwa unaweza kuiita hivyo na isiwe lawama. Lakini "indolent" ni la kitabuni, ni zito. Ni mtu ambaye uvivu umeshakuwa tabia yake, kazi anaikwepa kwa sababu anapenda starehe.

Baba alisikiliza kwa makini kuliko mwanafunzi wangu yeyote.

Akauliza kama ni tusi. Nikasema si tusi, ila hakuna mtu atakayeambiwa hivyo akafurahi. Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, akachukua kigoda chake akaingia ndani.

Sikumuuliza amelisikia wapi.

Asubuhi yake aliondoka kwenda Mwenge kabla sijawasha jiko. Nikadhani ni siku moja. Kesho yake akaenda tena. Na keshokutwa. Ikawa ni kila siku ya Mungu, Jumapili pia. Akirudi ana unga mweusi wa mpingo kwenye nyusi, na hapumziki. Anafagia uwanja. Alibomoa banda la kuku lote akalijenga upya, na lilikuwa zima. Sahani yake anaosha mwenyewe, kikombe anaosha mwenyewe. Salma akishika ndoo anamnyang'anya. Ule usingizi wa mchana ukafa kabisa. Mkeka aliukunja akausimamisha nyuma ya mlango.

Wiki za mwanzo niliona ni dalili nzuri. Nikawaambia majirani Baba anaendelea vizuri, si mnamwona. Kisha akaanza kukonda. Kola za mashati zikawa zimemlegea. Akawa anakohoa asubuhi. Chakula cha mchana kule Mwenge hali, hilo nililisikia kwa mchongaji mwenzake aliyenipigia simu kuniuliza kama Mzee ana tatizo nyumbani, maana anachonga kama mtu anayefukuzwa.

Sefu alikuwa na jibu lake. Alisema Baba anajua anaondoka, anataka aache kazi zake zimekamilika. Nikamwambia anyamaze, lakini na mie nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Nikawa naviangalia vile vinyago anavyorudi navyo, ananiwekea kwenye kabati la vyombo. Kila kimoja ni familia iliyobebana, mababu chini, watoto juu, kila mtu kashikilia mguu wa mwenzake. Sikuweza kuvitazama kwa muda mrefu.

Ningeweza kutafuta mtandaoni ugonjwa huu ukoje. Simu ninayo, Kiingereza ninacho. Sikutafuta. Niliogopa nitakachokikuta.

Siku moja kabla ya kurudi kliniki nilimpigia pasi shati lake jeupe. Safari hii niliomba ruhusa mapema, nikakubaliwa. Nilipomletea shati chumbani alikuwa ameketi kitandani anasugua mikono yake mafuta. Akaliangalia shati, akasema:

"Litundike tu. Mie kule siendi."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwambia ni kesho, daktari anamngoja. Akarudia kwamba haendi. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekuambia chai haina sukari. Nikaketi karibu yake, nikaanza yale maneno niliyokuwa nimeyabana muda wote ule. Nikamwambia asikate tamaa, Mungu yupo, sie wanawe tupo, hata kama wamesema hakuna dawa tutakwenda hospitali nyingine. Machozi yakaanza.

Akanitazama kwa mshangao.

"Nani kakata tamaa? Mie naongelea heshima hapa."

Halafu akanieleza, na alinieleza yote bila kukatisha, jambo ambalo Baba halifanyi mara nyingi.

Siku ile alipoingia, daktari alikuwa amekaa na wanafunzi wanne au watano wamesimama nyuma yake. Alimsalimia vizuri. Akamgusa shingo. Kisha akawageukia wale vijana, wakaanza kusema Kiingereza. Baba Kiingereza anajua cha kuuzia vinyago kwa Wazungu, cha hospitali hajui. Akaona daktari anamnyooshea kidole, anawauliza kitu. Mwanafunzi mmoja akajibu: indolenti. Daktari akatikisa kichwa kwamba ndivyo. Wengine wakaandika. Daktari akalirudia, indolenti, na binti mmoja akamtazama Baba akatabasamu. Ndipo daktari akamgeukia, akamwambia kwa Kiswahili kwamba hawatampa dawa kwa sasa, watamwangalia tu.

"Nikasema nisiwadhanie vibaya. Nikalishika lile neno, nikaja nalo kwako. Na wewe ukanieleza."

Nilibaki na shati mkononi.

Kwa hiyo muda wote ule, mie na Sefu tunalia chini chini tukijua Baba anakufa, yeye alikuwa na huzuni nyingine kabisa. Alikuwa anajua kwamba kuna watu wamemtazama dakika chache, mbele ya vijana wadogo, wakaona kwamba huyu mzee ni mvivu wa tabia, na mvivu hapewi dawa, anaangaliwa kwanza kama atabadilika. Na binti yake wa kumzaa, aliyesomeshwa Kiingereza kwa mikono yake, akathibitisha. Hata akaongeza maelezo.

Kuamka alfajiri, kufagia, banda la kuku, kukonda. Yote yalikuwa majibu yake kwa lile neno.

Nikamwambia Baba, haiwezekani. Daktari hawezi kusema hivyo. Akaniuliza basi lina maana gani nyingine. Nimelifundisha neno hili miaka na miaka na maana nyingine sikuwa nayo.

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba anayejua ni aliyelisema. Nikamwambia twende ukamuulize mwenyewe, na akikujibu hovyo tutatoka pamoja, sitakurudisha tena pale. Kisha akalichukua shati.

Asubuhi Sefu alikuja na kigari chake cha kubebea vioo, tukajipanga watatu mbele. Nilimweleza Sefu njiani. Alikaribia kupita taa nyekundu.

Daktari ni dada mdogo kuliko mie, ana sauti ya chini. Safari hii hakuwa na wanafunzi. Alimwamkia Baba shikamoo, Baba akaitikia marahaba, lakini hakukaa. Alisogea mpaka mezani, akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza, viganja juu. Mikono ya Baba mie nimeizoea, nasahau ilivyo kwa anayeiona mara ya kwanza. Kidole gumba cha kushoto hakina kucha. Kuna kovu linalotoka kwenye kiganja mpaka kwenye kifundo. Ngozi yenyewe ni ngumu kama soli.

"Daktari, kabla hujanigusa," alisema. "Siku ile mlisema mie ni indolenti. Mwanangu huyu ni mwalimu, kanieleza maana yake. Angalia hapa uniambie. Hii ni mikono ya mvivu?"

Yule dada aliitazama mikono. Akanitazama mie, akamtazama Sefu aliyesimama mlangoni. Niliona wakati anaelewa, kwa sababu uso wake ulishuka. Aliinuka, akazunguka meza, akamvutia Baba kiti mwenyewe.

"Baba, kaa kwanza. Naomba radhi," alisema. "Hatukukuita wewe. Tuliuita ugonjwa."

Baba akakaa.

Yule daktari akaeleza, safari hii kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Akasema kansa za tezi zipo za mbio na zipo za kujivuta. Ya mbio ukichelewa kidogo imeshaenea, hiyo wanaikimbilia kwa dawa kali. Ya Baba ni ya kujivuta. Inakaa pale ilipo, inasinzia, inaweza kukaa miaka bila kufanya la maana. Kuipiga dawa kali ikiwa imesinzia ni kumuumiza mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe unavyomuumiza. Ndiyo maana wanaiangalia tu. Ikianza kuamka, dawa zipo, wataanza. Na Kiingereza cha kitabibu cha ugonjwa wa aina hiyo, unaojivuta na hauleti maumivu, ndicho hicho alichokisikia.

Baba akaugusa uvimbe chini ya sikio lake.

"Kwa hiyo mvivu ni huo."

"Ndiyo, baba. Ni huo."

"Mie siyo."

"Wewe siyo. Na ninaomba Mungu huo uendelee na uvivu wake."

Sefu alitoka nje. Nilimsikia kwenye korido anapenga kamasi.

Baba akauliza kama utaisha. Nilimheshimu yule dada kwa jibu lake. Alisema hatamdanganya, pengine hautaisha, lakini wapo watu wengi wanaozeeka nao na kuondoka duniani kwa mambo mengine kabisa. Baba akasema hilo ni sawa, kuzeeka ameshaanza.

Kisha akasema ana ombi. Wale wanafunzi wa siku ile waambiwe. Daktari akamhakikishia kwamba wao walielewa vizuri tangu mwanzo, hakuna aliyedhani ni yeye. Baba akasema anajua, lakini waambiwe. Daktari akaahidi atawaambia, na akaongeza kwamba atawaambia na jingine, kwamba siku ile yeye mwalimu wao alisema Kiingereza juu ya kichwa cha mgonjwa na mgonjwa akarudi nyumbani na nusu ya habari.

Ningetamani kusema mambo yaliishia pale tukaondoka tunacheka. Lakini daktari alipompandisha Baba kwenye mizani, uso ukambadilika tena. Amepungua sana. Akauliza kuhusu homa, jasho la usiku, hamu ya kula. Akauliza kikohozi kimeanza lini. Akatueleza bila kuficha kwamba kupungua namna ile inaweza kuwa ndiyo dalili ya ugonjwa kuamka.

Ikabidi niseme mie. Nikamweleza kuhusu Mwenge kila siku, mchana bila kula, banda la kuku. Baba anaangalia dirishani. Daktari alisikiliza, akaandika, akasema anaamini, lakini hawezi kuamini tu. Akachukua damu, akaagiza picha nyingine. Majibu Ijumaa.

Siku zile za kungoja zilikuwa mbaya kuliko zile za kwanza, kwa sababu sasa tulikuwa tunaelewa tunangoja nini. Baba hakwenda Mwenge. Alikula. Nilimpikia kisamvu cha nazi, akala na akaomba tena. Siku ya kwanza alipoukunjua ule mkeka akajilaza mchana, nilipita pale sebuleni kwa kunyata kama mwenye mtoto mchanga.

Ijumaa tulikwenda wote tena. Damu nzuri. Tezi ziko vile vile zilivyokuwa, hazijaongezeka hata kidogo. Kikohozi ni vumbi la mpingo, avae kitambaa puani. Kukonda ni njaa na kazi.

"Umelala bado," daktari akamwambia Baba.

Baba akamjibu kwamba usiamshwe na mtu.

Jana alikwenda Mwenge kuwasalimia wenzake. Nasikia aliwatangazia kwamba ana ugonjwa mvivu kuliko wote Dar es Salaam, na wakacheka mpaka wateja wakasogea kuuliza. Ndivyo alivyo. Kinachomuogopesha anakitolea kicheko mapema.

Mie bado sijafika huko. Juzi, baada ya kutoka kliniki, nilifanya nilichotakiwa kufanya siku ile ya kwanza, nikakaa nikalisoma lile neno vizuri, katika kamusi kubwa ya maktaba ya shule, si ile ndogo ya mfukoni. Asili yake ni Kilatini, na mwanzoni halikuwa na uvivu ndani yake. Maana yake ilikuwa kisichouma. Madaktari ndio walioanza nalo katika Kiingereza, wakiita hivyo vivimbe visivyo na maumivu. Uvivu ulikuja baadaye, nadhani kwa mtu asiyetaka kitu chochote kimuumize, hata kazi. Kwa hiyo wale wanafunzi ndio waliolitumia kwa maana yake ya zamani. Niliyekuwa na maana changa ni mie.

Nilifunga kamusi nikabaki nimekaa pale maktaba. Ule uvimbe haujamuuma Baba hata siku moja, amesema tangu mwanzo. Neno ndilo lililomuuma, na nilimpa mie, kwa moyo safi, nikiwa nimefurahi kwamba kuna kitu nakijua.

Sijilaumu sana. Nilimpa maana iliyomo kwenye kila kitabu ninachofundishia. Ila najiuliza ni mara ngapi mtoto kaniuliza neno darasani, nikamjibu harakaharaka, nikageukia ubao, na yeye akaondoka nalo kwenda kujichomea nalo mahali nisipopaona.

Leo baada ya chakula cha mchana, kabla mume wangu na Salma hawajaondoka, Baba aliniambia nisogee. Alikuwa anachonga kijiko cha mti, kitu chepesi, kwa kupitisha muda. Akasema kliniki ijayo hataki Sefu aende kuhangaika na kadi za bima wala mie nikae kwenye benchi. Anataka niingie naye mpaka ndani.

"Uje na Kiingereza chako chote," alisema. "Lakini nikikuuliza neno, usinijibu kwanza. Niulize nimelisikia wapi, na wamelisema wakiangalia nini."

Nikasema sawa, Baba. Akaendelea na kijiko chake.

Kidato cha tatu wananingoja asubuhi, mada ni vivumishi vya tabia za watu. Nimeandaa somo tangu Alhamisi na sasa hivi nimelifuta lote. Sijui nitaanzaje. Nadhani nitaandika neno moja ubaoni, nitaweka chaki chini, na niwaache wao waulize.